Picha 36 za Usiku: Filamu Inafanya Nini Gizani Ambacho Simu Haifanyi

Kwa upande wa uwezo, ubishi ulishakwisha zamani. Kamera ya Sony A7S iliyotoka mwaka 2014 ilifika ISO 409,600 (ISO ni kipimo cha kasi, yaani wepesi wa kuhisi mwanga), kiwango ambacho hakuna filamu ya dukani iliyowahi hata kukikaribia. Simu ya leo inapiga picha safi kwenye uchochoro ambao wewe mwenyewe unapita ukipapasa ukuta. Filamu ya rangi yenye kasi kubwa unayoweza kuipata bila kuhangaika sana ni ya ISO 800. Mkanda mmoja una picha 36, ukiisha umeisha, na hujui umepata nini mpaka usafishwe.

Pamoja na hayo, vijana wanaingia klabu wakiwa na kamera za mkanda shingoni. Wengine wanafuata mtindo tu, na hilo si kosa. Ila ukiziweka picha zao kando ya picha za simu za usiku huohuo, kuna tofauti ambayo hata asiyejua kamera anaiona. Jibu linalotolewa sana, kwamba filamu “ina roho”, halimsaidii mtu. Tofauti ile ina sababu: nyingine za kikemia, nyingine za kibiashara, na moja ni flashi.

Tuanze na mwanga wenyewe. Jua la saa sita mchana, filamu ya ISO 100 inaridhika na tundu la lenzi la f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na shata, yaani kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, ya sekunde 1/100. Sasa ingia ukumbi wa dansi wenye taa za wastani. Umeweka filamu ya ISO 1600, umefungua tundu mpaka f/2, shata iko 1/60, na hapo bado uko ukingoni. Ukipiga hesabu, mwanga wa ukumbini ni mdogo karibu mara elfu mbili kuliko wa nje mchana. Macho hayakuambii hivyo kwa sababu mboni inapanuka na ubongo unajazia kilichopungua. Filamu haina ubongo.

Ilicho nacho ni fuwele za chumvi ya fedha. Chembe ya mwanga ikiigonga fuwele, inaachia elektroni, na elektroni hiyo inazaa atomu moja ya fedha. Atomu moja peke yake haidumu, baada ya muda mfupi inasambaratika na fuwele inarudi kama ilivyokuwa. Zinatakiwa kama nne zikusanyike mahali pamoja ndipo fuwele ihesabike kuwa imeguswa na dawa iweze kuigeuza nyeusi. Hiyo ni kwenye negativu, yaani mkanda uliosafishwa; kwenye picha yenyewe mambo yanageuka, palipo peusi panakuwa na mwanga. Mchana chembe za mwanga zinakuja kwa mafuriko, hakuna shida. Usiku zinakuja moja moja, na kazi ya ile ya kwanza inafutika kabla ya pili kufika.

Mwanaastronomia Mjerumani Karl Schwarzschild alilipima jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 alipokuwa akipiga picha za nyota. Kwa mpigapicha wa mjini maana yake ni hii: kipima mwanga kikikwambia ufungue shata sekunde 10, ukafungua hizo 10, picha itatoka nyeusi kuliko ulivyotegemea. Kwa filamu nyeusi na nyeupe ya HP5 Plus, kanuni ya watengenezaji wake, Ilford, inazigeuza sekunde 10 kuwa kama 20. Kihisi mwanga cha kamera ya dijitali hakina ugonjwa huo.

Ukipiga watu wanaocheza, sekunde 10 hazikuhusu, maana utapata moshi tu. Ila kizingiti kilekile cha atomu nne kinafanya kazi hata kwenye 1/30. Kona ya ukumbi iliyotoa mwanga usiofika kizingiti haiandikwi kabisa. Haiandikwi kwa ufifi wala kwa chenga, haipo. Weusi wa filamu ni mahali ambapo hakuna taarifa, na ndiyo sababu ya kwanza ya picha hizi kuonekana tofauti.

Hapo inaingia mbinu inayotukuzwa kuliko inavyostahili, ile ya kuisukuma filamu. Unachukua filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400, kama Tri-X ya Kodak au HP5 Plus, unaidanganya kamera kwamba ni 1600, kisha wakati wa kusafisha unaiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, nyuzi 20, inataka dakika 7 na nusu ikiwa imepigwa kwa 400, na dakika 14 ikiwa imepigwa kwa 1600. Wengi wanaamini kasi ya filamu imepanda. Haijapanda. Fuwele zilizoguswa zinakomaa zaidi, basi paji la uso na mashavu yanang'aa vizuri. Zile ambazo hazikuguswa hazina cha kukomaza, ukizidisha muda utaambulia ukungu. Unapata uso unaowaka, koti jeusi lililopotea kabisa, na chenga kubwa kama mchanga. Wapo wanaoipenda picha ya namna hiyo, nami nimo. Lakini tuseme ukweli kwamba kusukuma ni kugawa upya mwanga uliopo, kwa hasara ya vivuli.

Anayeanza leo ataambiwa mtandaoni anunue filamu ghali ya usiku. Mimi ningemwambia anunue flashi, kisha aweke filamu ya kawaida ya 400. Picha za usiku wa Afrika ambazo leo zinaning'inia kwenye majumba ya sanaa nyingi zilipigwa kwa flashi, na waliozipiga walikuwa kazini.

Malick Sidibé wa Bamako, Mali, alikuwa na studio mtaa wa Bagadadji. Jumamosi usiku alizunguka kwenye sherehe za vijana, akitoka moja anaingia nyingine, akirudi studio alfajiri kusafisha mikanda. Baada ya siku mbili tatu picha ndogondogo zilibandikwa nje, vijana wakaja kujitafuta na kuagiza nakala. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice, kwa kazi ya maisha yake, mpigapicha wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kuipata heshima hiyo. Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyehamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, alifanywa mpigapicha rasmi wa mwanamuziki Franco mwaka 1954, na usiku wa baa za rumba tunaoufahamu kwa macho tunaufahamu kwa kiasi kikubwa kupitia kwake. Cape Town, kati ya 1967 na 1969, Billy Monk alikuwa baunsa wa klabu ya Catacombs. Aliwapiga picha walevi, mabaharia na wapenzi waliokumbatiana, kisha akawauzia.

Ukiyajua hayo, unaelewa kwa nini watu kwenye picha hizo wanatazama kamera bila wasiwasi. Mpigapicha alikuwa sehemu ya burudani, sawa na mpiga gitaa. Kila alipobonyeza alitumia pesa yake mwenyewe, na picha ambayo hakuna aliyeitaka ilikuwa hasara. Alisubiri mtu ajipange, au alisubiri kitu cha kweli kitokee, basi. Hakuwa na sababu ya kupiga mara mia mbili halafu achague. Waliopitia sherehe za harusi za Dar au Mombasa enzi za mkanda wanamkumbuka mpigapicha wa aina hii, anayelipwa kwa idadi ya picha zilizochapwa, akihesabu zilizobaki kabla bibi harusi hajakata keki.

Flashi yenyewe inafanya kazi hivi. Ndogo ya kuchomeka juu ya kamera huwa na namba ya nguvu (guide number) ya 20 hivi kwa ISO 100, ikihesabiwa kwa mita. Ukiweka filamu ya 400 namba inakuwa 40. Igawe kwa umbali: mtu yuko mita 5, basi f/8. Hesabu imeisha, na flashi nyingi za zamani zina jedwali lake mgongoni. Cheche yenyewe inadumu sehemu ndogo ya sekunde, mara nyingi chini ya 1/1000, kwa hiyo jasho na nywele zinaganda hewani hata shata ikiwa ya polepole.

Kinachotengeneza sura ya picha za klabu ni jinsi mwanga huo unavyokufa. Aliye mita moja na nusu kutoka kwako na aliye mita nne na nusu hawapati mwanga wa kulingana. Wa nyuma anapata sehemu moja ya tisa. Wa mbele anang'aa, wa nyuma anabaki kivuli, ukuta haupo. Ukumbi wenye watu mia tatu unageuka watu watatu na giza. Kuamua nani awe kati ya hao watatu ni kazi ya miguu yako, unasogea au unarudi nyuma.

Kwa ngozi zetu kuna mtego wa kuujua mapema. Flashi yenye kujizima yenyewe inasoma mwanga unaorudi, na kanzu nyeupe au shela inarudisha mwingi mno. Flashi inadhani imetosha, inazima, uso wa mwenye kanzu unabaki gizani. Filamu ya negativu inavumilia kuzidishiwa mwanga kuliko kupunguziwa, kwa hiyo ongeza hatua moja, toka f/8 nenda f/5.6, usiogope. Tatizo lilikuwa kubwa zaidi huko nyuma kwa sababu hata mashine za kuchapia zilisetiwa vibaya. Kwa miongo kadhaa kadi ambazo Kodak iliwapa maabara za kulinganishia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, zikijulikana kama kadi za Shirley. Mashine ikishaambiwa huyo ndiye binadamu wa wastani, sura nyeusi iliyopigwa usiku ilitoka kama kitako cha sufuria, macho na meno tu.

Ukitaka flashi isiue taa za ukumbi, iburute shata. Weka 1/8 badala ya 1/60. Cheche inamgandisha mchezaji, kisha muda uliobaki taa zinachora mistari nyuma yake. Tikisa kamera kidogo ukipenda. Ni mbinu ya bahati nasibu, na kwenye filamu hujui mpaka mkanda urudi, ila mfanano wake na jinsi tunavyoukumbuka usiku ni wa ajabu.

Wapo waliokataa flashi. Ricardo Rangel wa Msumbiji alitumia miaka mingi kwenye Rua Araújo, mtaa wa baa na mabaharia karibu na bandari ya Lourenço Marques, akitegemea taa za hukohuko. Mji sasa unaitwa Maputo, na mtaa ule unaitwa Rua de Bagamoyo. Picha zake zina majonzi ambayo flashi ingeyafukuza. Brassaï naye alipiga mitaa ya Paris miaka ya mwanzo ya 1930 kwa kufungua lenzi na kusubiri, akipima muda kwa sigara aliyokuwa akiivuta. Lakini alipoingia ndani ya baa alilipua unga wa magnesi, na Picasso akamtania kwa kumwita gaidi.

Rangi ni ugomvi mwingine. Filamu ya rangi ina matabaka matatu makuu: la juu linasikia bluu, la kati kijani, la chini nyekundu. Taa za zamani za balbu zilitoa mchanganyiko wa rangi zote, ukiegemea njano. Klabu za sasa zinatumia LED, ambazo zinaweza kutoa bluu tupu. Uso ukimulikwa na bluu tupu unaandikwa kwenye tabaka moja tu, mengine yanabaki matupu, na hapo utapata doa la bluu lenye umbo la mtu. Dijitali inaumia vilevile, ila mwenye dijitali anaona palepale na kusogea. Filamu nyeusi na nyeupe inaikwepa shida hiyo, kwani kwake rangi zote ni wingi wa mwanga tu. Kama ukumbi unaujua kuwa ni wa LED, nenda na nyeusi na nyeupe, au washa flashi.

Na zile duara nyekundu zinazozunguka taa, ambazo siku hizi ndizo zinaitwa “sura ya filamu”? Zinatoka hasa kwenye filamu ya rangi iitwayo CineStill 800T. Asili yake ni filamu ya sinema ya Kodak, Vision3 500T, iliyotengenezwa kwa taa za balbu zenye rangi ya mwanga ya 3200 Kelvin. Filamu hiyo ilikuwa na tabaka jeusi la kaboni mgongoni lililozuia mwanga usipenye, ukagonga nyuma na kurudi. Tabaka hilo linachafua mashine za kawaida za kusafishia, kwa hiyo CineStill wakaliondoa. Mwanga mkali wa taa sasa unapenya, unarudi, na tabaka la kwanza unalokutana nalo ukirudi ni lile la chini linalosikia nyekundu. Ndiyo duara hilo. Watengenezaji wa sinema waliliona kuwa kasoro ya kuzuiwa, leo kuna programu za simu zinazoliigiza. Ni zuri kwenye kituo cha mafuta au kibanda cha chipsi chenye taa. Ndani ya klabu ya LED halikusaidii sana.

Simu nayo inafanya nini? Google walipotoa Night Sight, programu ya picha za usiku kwenye simu zao, mwaka 2018, haikuwa picha moja tena. Simu inachukua fremu mpaka 15, inazipanga moja juu ya nyingine, inazitupa zilizotikisika, inajumlisha mwanga, inafuta chenga na kukisia rangi nyeupe ilipaswa kuwa ipi. Wengine wakafuata. Ni uhandisi mzuri sana, na kwa kupiga risiti au ajali ya barabarani usiku sioni cha kushindana nao. Lakini programu ile imepewa kazi ya kuokoa kila kona. Meza ya nyuma, viti, waya wa spika, mtu anayejikuna, wote wanapewa mwanga. Filamu yenye flashi inavitupa hivyo vyote bila kukuuliza. Unachokiita “hisia” ni kwamba kuna vitu vingi havimo.

Kuhusu ruhusa, kwa ufupi. Berlin, klabu ya Berghain inabandika stika juu ya kamera za simu mlangoni, na kamera ya mkanda haina msamaha. Kwetu hakuna stika, lakini watu wana waajiri, wake, waume na masheikh. Anayepigwa kwa simu anaweza kudai aone na ufute. Anayepigwa kwa filamu hana cha kuona. Uliza kwa ishara kabla, na ikionekana mtu amegeuza uso, achana naye. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake.

Baada ya hapo kuna kusafisha, na hapa mkaaji wa pwani ana kero yake. Dawa za rangi, C-41, zinataka nyuzi 38, joto ambalo Dar unalifikia kwa birika dogo la maji ya moto. Nyeusi na nyeupe inataka 20, na maji ya bomba yako karibu 28 au 30. Njia ya nyumbani ni kuweka chupa za dawa kwenye beseni la maji, kutumbukiza vipande vya barafu vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili visiyeyukie kwenye dawa, na kuangalia kipimajoto mpaka kishuke. Maji ya suuza nayo yasiwe ya moto sana kuliko dawa, filamu haipendi mshtuko. Wengine wanafanya kazi kwenye nyuzi 24 na kupunguza dakika. Inawezekana, ila muda ukishakuwa mfupi sana, kuchelewa kidogo kumimina kunaacha mabaka.

Kwa kuwa mikanda mingi tunaletewa na ndugu wanaosafiri, waambie waibebe mkononi, kamwe isiwekwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Mashine za zamani za eksirei hazikuisumbua sana filamu ya chini ya 800, lakini zile mpya za CT zinaweza kuiharibu hata ya kasi ndogo kwa kupita mara moja. Aombe ikaguliwe kwa mkono, kwa upole, kabla foleni haijawa ndefu.

Ukipeleka maabara, sema mambo mawili. La kwanza, picha ni za usiku na weusi ubaki mweusi. Mashine ya kuskani ikiachiwa ijiamulie inatafuta wastani, inaona giza limezidi, inalivuta juu, na ukumbi wako unageuka rangi ya chai ya maziwa yenye chenga. Usiilaumu filamu hapo, ni skani, irudishwe. La pili, negativu zako uzichukue. Kuna maabara zinatuma mafaili tu, na baada ya muda mikanda inatupwa. Negativu za Billy Monk zilikutwa mwaka 1979 kwenye studio aliyokuwa ameiacha, zimepangwa vizuri, na mpigapicha aliyezikuta, Jac de Villiers, akasaidia zionyeshwe Johannesburg mwaka 1982. Monk aliuawa kwa risasi katika ugomvi akiwa bado hajayaona maonyesho hayo. Zako zikate sita sita, ziingize kwenye mifuko yake ya plastiki, ziweke mbali na unyevu kwa sababu kuvu wa pwani hachagui kati ya lenzi na negativu, na juu yake andika tarehe na jina la ukumbi.